Mkakati wa Usafiri Usiochafua Mazingira kwa Halmashauri za Dar es Salaam: Mwongozo Kamili, Kuanzia Lita hadi Kasma

Rasimu ninazoombwa kuzipitia kabla hazijaenda kwa Mkurugenzi zinafanana mno. Kurasa za mwanzo zinaeleza mabadiliko ya tabianchi duniani. Zinafuata kurasa za magari ya umeme ya Norway na China. Mwishoni kuna jedwali la shughuli, na kwenye safu ya chanzo cha fedha pameandikwa "wadau wa maendeleo" kuanzia juu hadi chini. Mkakati wa namna hiyo hupitishwa kwa makofi, ukachapwa kwa rangi, ukafungiwa kabatini.

Mwongozo huu ni wa afisa aliyekabidhiwa kazi hiyo katika Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Aliye kwenye taasisi ya umma yenye magari yake unamfaa pia, ila aruke hatua za barabarani. Nadharia nimeiacha. Nimeweka kazi yenyewe kwa mpangilio wake, kwa sababu wengi hukwama kwa kuanzia mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usifungue kompyuta kuandika kabla hujakusanya hivi:

- Barua ya uteuzi wako na hadidu za rejea, zimesainiwa na afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za ofisi.
- Orodha ya vyombo vyote vya moto vya ofisi: magari, pikipiki, malori ya taka, mitambo. Kila kimoja na namba yake, mwaka wa kutengenezwa, aina ya mafuta na idara inayokitumia. Yenye namba za SM, yaani ya serikali za mitaa, hayatoshi, maana magari ya miradi ya wafadhili yenye DFP nayo hunywa mafuta.
- Vitabu vya safari vya miezi 12 iliyopita.
- Taarifa za mafuta yaliyochukuliwa GPSA (wakala wa serikali wa ununuzi) au kituo kingine, mwezi kwa mwezi.
- Ankara za matengenezo kutoka TEMESA, wakala unaotengeneza magari ya serikali.
- Mpango Mkakati wa halmashauri unaoendelea, na bajeti ya mwaka huu kutoka PlanRep, mfumo wa kuandalia mipango na bajeti.
- Ramani inayoonyesha masoko, shule, hospitali, vituo vya daladala na vya mwendokasi.

Unahitaji pia watu watatu ambao hawatakukimbia: mchumi, afisa usafirishaji na mhasibu anayeshika mafuta. Mshauri elekezi si mmoja wao. Ukimpata baadaye, vizuri, lakini hesabu za hatua ya 2 zifanywe na watu wa ndani, kwa sababu ndio watakaoulizwa mshauri akishalipwa na kuondoka.

## Hatua ya 1: Pata barua, kisha ihesabu kalenda kinyumenyume

Pasipo barua, afisa usafirishaji hatakupa vitabu vya safari. Na ana haki, kwa sababu ndani yake mna mambo ya watu. Andika dokezo sabili fupi, yaani maandishi ya ndani ya ofisi, kwenda kwa Mkurugenzi ukiomba mambo matatu tu: uteuzi, ruhusa ya kuona kumbukumbu za mafuta, na tarehe ya kuwasilisha matokeo kwenye menejimenti. Usiombe fedha kwenye dokezo la kwanza. Likiwa na fedha litapita madawati mengi na kulala kila mahali.

Sasa kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili. Baraza la Madiwani hupitisha bajeti ya halmashauri kati ya Januari na Februari, na kabla ya hapo imeshapita kwenye kamati. Maana yake shughuli zako zinatakiwa ziwe kwenye meza ya mchumi Novemba au mapema Desemba, kwa hiyo kuhesabu kunaanza Julai au Agosti. Anayeanza Februari anaandika mkakati utakaosubiri zaidi ya mwaka kupata shilingi yake ya kwanza, na huo ndio muda unaotosha Mkurugenzi kuhamishwa.

## Hatua ya 2: Hesabu lita za nyumbani kwako kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanaporuka. Halmashauri isiyojua inachoma lita ngapi haina uso wa kumwambia mwenye daladala wa Mbagala apunguze moshi.

Kwa kila chombo, chukua lita zilizoingia kwa mwezi na kilomita zilizotembea kwa kusoma mita mwanzo na mwisho wa mwezi. Gawanya kilomita kwa lita. Mfano: pikapu ya dizeli imechukua lita 240, mita inaonyesha kilomita 1,560. Hiyo ni kilomita 6.5 kwa lita. Ikiwa pikapu ya aina hiyo hiyo katika idara nyingine inakwenda kilomita 9 kwa lita, basi yako ilitakiwa kutumia lita 173. Lita 67 zimekwenda pengine.

Usikimbilie kusema zimeibwa. Zinaweza kuwa zimepotelea kwenye foleni ya Mandela, kwenye tairi lenye upepo kidogo, kwenye chujio la hewa lililoziba, au kwenye nozeli zilizochoka. Na kuna sababu ambayo haiandikwi popote. Simama nje ya ukumbi wowote wenye kikao utazame magari: yamepangwa kivulini, injini zinaunguruma, vioo vimepandishwa, madereva wamelaza viti. Ukimuuliza dereva atakwambia, "Mzee, nikizima kiyoyozi bosi akitoka akalikuta gari limechemka, nitakayesemwa ni mimi." Injini kubwa ya dizeli ikiwa imesimama na kiyoyozi kinafanya kazi inaweza kula lita nzima hivi kwa saa. Kwa hiyo agizo la kuzima injini lielekezwe kwa anayebebwa, kwa maandishi, na si kwa dereva peke yake.

Ukishapata jumla ya lita, zigeuze kuwa hewaukaa (CO2). Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3, na lita 1 ya dizeli takriban kilo 2.7. Mheshimiwa diwani mmoja hatakosa kuuliza inawezekanaje lita isiyofika hata kilo moja itoe moshi wa kilo 2.7. Mwambie kaboni iliyo kwenye mafuta huungana na oksijeni ya hewani wakati wa kuungua, na uzito mwingi unatoka kwenye hiyo oksijeni. Jibu hilo liwe tayari mdomoni, maana ukibabaika hapo wataanza kutilia shaka hata hesabu nyingine.

Tahadhari. Utakuta magari ambayo mita imekufa na kitabu kimejazwa kwa makadirio: kilomita 50 Jumatatu, 50 Jumanne, 50 Jumatano. Usiyaingize kwenye wastani. Yaorodheshe pembeni, na kutengeneza mita hizo iwe shughuli ya kwanza kabisa ya mkakati. Ni kazi ndogo, na bila hiyo hakuna kipimo.

Utajua umefanikiwa ukiwa na karatasi moja yenye vyombo vyote vimepangwa kuanzia mlaji mkubwa hadi mdogo, na afisa usafirishaji amekubali kuisaini pamoja nawe. Mara nyingi utakuta malori ya taka yako juu kabisa. Hilo peke yake hubadilisha mazungumzo, kwa sababu watu wote walikuwa wanazungumzia mashangingi.

## Hatua ya 3: Hesabu barabara

Mafuta ya ofisi ni sehemu ndogo ya tatizo la mji. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, na wengi wao hawana gari. Ukipanga kwa kutazama magari tu, utawapangia wachache.

Chagua sehemu nne au tano ndani ya halmashauri yako: penye soko, penye shule, penye kituo kikubwa cha daladala, na penye makutano ya mtaa na barabara kuu. Hesabu kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Gawanya makundi: waenda kwa miguu, baiskeli, bodaboda, bajaji, daladala, magari binafsi, malori. Kwa daladala kadiria pia waliomo ndani, kwa sababu Coaster iliyoshona na gari dogo lenye mtu mmoja vikihesabiwa kuwa "chombo kimoja kimoja" utapata picha ya uongo.

Watu wa kuhesabu wapo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko Mabibo na wanafunzi wake hutafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Andika barua mapema.

Usihesabu Jumapili, sikukuu, wakati shule zimefungwa wala siku ya mvua kubwa. Siku ya mvua ipewe hesabu yake ya pekee kama unaweza, hasa kwa mitaa inayotegemea njia ya Jangwani. Maji yakijaa pale magari huelekezwa kwingine, foleni inahamia mitaa isiyoijua, na mafuta yanaungua bila mtu kusogea.

Tofautisha mambo mawili ambayo rasimu nyingi huyachanganya. Hewaukaa huongeza joto la dunia na haijali imetokea Kariakoo au Kisarawe. Masizi na vumbi laini, zile chembe zinazoitwa PM2.5, huingia kwenye mapafu ya mama anayeuza maandazi kando ya kituo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wa saa 24 usizidi 15. Weka safu mbili kwenye jedwali lako, moja ya kila jambo. Kuna hatua zinazopunguza moja na kuiacha nyingine ilivyo.

## Hatua ya 4: Chora nani anashika nini

Mikakati mingi inaahidi vitu ambavyo halmashauri haina mamlaka navyo. Njia na nauli za daladala ziko chini ya LATRA. Barabara kuu kama Morogoro, Nyerere na Kilwa ni za TANROADS. Barabara za mitaa ni za TARURA. Mabasi yaendayo haraka ni ya wakala wake, DART. Magari ya ofisi hutengenezwa TEMESA.

Kilichobaki mkononi mwako si haba: mipango ya matumizi ya ardhi, masoko, vituo, vibali vya ujenzi, sheria ndogo, vijiwe vya bodaboda, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, na magari yako mwenyewe. Gawanya shughuli zako katika makundi mawili, "tunafanya" na "tunaomba". Kila inayoombwa iwe na jina la taasisi na barua iliyokwisha kutumwa, si kifungu cha maneno "kushirikiana na wadau".

## Hatua ya 5: Weka lengo lako, usiazime la taifa

Tanzania, katika ahadi yake ya 2021 chini ya Mkataba wa Paris, ilisema itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Naiona namba hiyo imenakiliwa kwenye rasimu za halmashauri kama ilivyo. Ni makosa. Asilimia hiyo ni ya uchumi mzima wa nchi, na inalinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa kama mambo yangeachwa yaende yalivyo. Haikusema kila manispaa ipunguze theluthi ya moshi wa leo.

Lengo lako litoke kwenye karatasi ya hatua ya 2. Liwe la lita, la kilomita kwa lita, la safari. Mfano: "Wastani wa pikapu zote upande kutoka kilomita 7 hadi 8.5 kwa lita ndani ya miezi 12." Mkaguzi ataliona kwenye vitabu, dereva atalielewa, na hakuna atakayehitaji semina kulitekeleza.

## Hatua ya 6: Chagua shughuli kwa mpangilio huu: punguza, hamisha, boresha

Mpangilio una sababu. Safari isiyofanyika haichomi kitu wala haigharimu kitu. Safari iliyohamishiwa kwenye treni au basi inachoma kidogo. Kubadilisha chombo chenyewe ndiko ghali kuliko vyote, na ajabu yake ndiko kila mtu anakotaka kuanzia.

Punguza. Tazama vikao. Kipi kinaweza kufanyika kwa mtandao? Halafu tazama magari ya "mtu": gari linalomsubiri mkuu wa idara siku nzima ili liende mara moja benki. Magari yakiwekwa kwenye kundi moja na kuombwa kwa fomu siku moja kabla, safari mbili za kwenda upande mmoja huunganishwa. Jiandae kununiwa. Gari ni cheo, na hakuna jedwali la lita litakalolificha hilo. Njia iliyonyooka ni Mkurugenzi aanze na gari moja la ofisi yake.

Hamisha. Dodoma ndiyo yenye mavuno ya haraka. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika huko kutoka Dar es Salaam. Piga hesabu ya gari: kwenda na kurudi ni kama kilomita 900, na shangingi linalokwenda kilomita 8 kwa lita linakunywa lita 112, sawa na takriban kilo 300 za hewaukaa. Maafisa watatu wa idara tatu wakienda kikao kimoja kwa magari matatu, zidisha kwa tatu, kisha ongeza posho za madereva. Mkakati useme wazi: safari ya kikazi ya Dodoma ni kwa treni, na anayetaka gari aandike sababu. Panga pia usafiri wa kumpokea stesheni ya Dodoma, la sivyo gari litatangulia tupu kumsubiri, na hapo hamjaokoa kitu.

Mjini, kuhamisha maana yake ni kumfikisha mtu kituoni. Watu hupanda bodaboda kwa mwendo wa dakika 10 kwa sababu njia ya miguu imejaa meza, matope au pikipiki zilizoegeshwa. Chukua ramani yako, chora duara la mita 500 kuzunguka kila kituo cha mwendokasi na kila soko, kisha tembea mwenyewe ndani yake. Andika mfereji usio na mfuniko, kivuko kisicho na taa, mahali pasipo na mti hata mmoja. Orodha hiyo ndiyo mradi wako wa bei nafuu kuliko yote, na TARURA wanaweza kuukubali kipande kwa kipande. Meza za machinga zikiwa kwenye njia, tafuta nafasi yao kabla hujawaondoa. Wanafuata mguu wa mteja, watarudi kesho yake asubuhi.

Boresha. Anza na matengenezo, kwa sababu ndiyo yanayorudisha fedha mapema: upepo wa tairi kila Jumatatu, chujio, nozeli, mita.

Kisha gesi asilia. Gari la petroli likifungwa mfumo wa gesi hutoa hewaukaa pungufu kwa karibu moja ya tano, mradi mfumo hauvuji. Kuvuja si jambo dogo, kwa sababu methani huongeza joto kuliko hewaukaa kwa zaidi ya mara 25, uzito kwa uzito. Gari la dizeli tupu ni habari nyingine. Kulibadilisha kunataka kazi kubwa zaidi kwenye injini, usiahidi kwa wepesi. Fungia mfumo kwenye karakana yenye idhini, dai cheti cha mtungi, na andika tarehe yake ya kupimwa tena kwenye jalada la gari, maana mtungi huo hubeba msukumo wa gesi wa takriban baa 200. Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika: gari hilo linalala wapi na kituo cha gesi kiko wapi? Gari la Kigamboni likivuka kila siku kwenda kupanga foleni ya gesi ng'ambo ya pili, dereva amepoteza nusu siku na wewe umepoteza ulichookoa.

Umeme nao una nafasi yake. Gridi ya taifa imepata nguvu kubwa ya maji kutoka Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, hivyo chombo kinachochajiwa hapa ni safi kuliko kinachochajiwa kwenye nchi inayochoma makaa. Lakini usiweke magari mapya ya umeme katika mwaka wa kwanza. Kununua gari la serikali kunahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, na kibali hakijui mkakati wako una haraka gani. Mwaka wa kwanza jaribu pikipiki chache za umeme kwa maafisa wa kata, uone zinavyohimili mchanga na mvua.

## Hatua ya 7: Kaa na daladala na bodaboda kabla rasimu haijakauka

Warsha hotelini haitakupa ukweli. Nenda kituoni saa 5 asubuhi, abiria wamepungua na watu wana muda.

Utasikia habari ya hesabu. Dereva wa daladala anapeleka hesabu, yaani fedha alizopangiwa, kwa tajiri mwenye gari kila siku, gari lijae lisijae. Kwa hiyo atasimama kituoni injini ikiunguruma mpaka ajaze, kisha atakimbizana na mwenzake. Deiwaka, dereva wa kushikia aliyepewa usukani kwa nusu siku, ndiye mwenye haraka kuliko wote. Kumwambia azime injini bila kugusa mfumo wa hesabu ni kupoteza pumzi. Unachoweza kufanya ni kupanga zamu za kutoka kituoni pamoja na viongozi wao, ili aliye wa tatu ajue atatoka lini na hana sababu ya kuwasha mapema. Jaribu kwenye kituo kimoja kwanza.

Kwa bodaboda, wengi wako kwenye mkataba: analipa kila siku hadi pikipiki iwe yake. Ukimletea pikipiki ya umeme atakuuliza maswali ya maana kuliko ya menejimenti. Betri ni ya nani? Ikiisha chaji Chanika nabadilishia wapi? Nikitaka kuuza, nani atanunua? Fundi yuko wapi? Kama huna majibu, usipeleke vijana kwenye mkopo.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ni mlango mzuri wa kuingizia vyombo safi. Weka masharti ya kumlinda mkopaji: betri iwe na dhamana ya maandishi kwa muda usiopungua ule wa mkopo, na muuzaji aonyeshe vituo vya kubadilishia betri vinavyofanya kazi ndani ya eneo wanalofanyia biashara. Kampuni ya betri ikifunga milango, kikundi kitabaki na deni la halmashauri na chuma kisichotembea.

Utajua umefanikiwa wakiwa wanakupigia simu wao kuuliza mmefikia wapi.

## Hatua ya 8: Ingiza kila shughuli kwenye kasma

Shughuli isiyo na kasma, yaani kifungu chake cha fedha kwenye bajeti, ni hotuba. Kaa na mchumi, fungueni Mpango Mkakati, na kila shughuli ning'inizeni chini ya lengo ambalo tayari limo. Ukianzisha lengo jipya utaanza kubishana na mfumo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeshaipa halmashauri wajibu katika eneo lake, hivyo mlango wa kuingilia upo.

Heshimu ukomo wa bajeti. Hapa karatasi ya lita inakusaidia mara ya pili: badala ya kuomba fedha mpya, onyesha ni kiasi gani kitapungua kwenye kasma ya mafuta na uombe sehemu yake iende kwenye matengenezo na njia za miguu. Mchumi anaupenda uhamisho wa namna hiyo. Anachokichukia ni "wadau wa maendeleo".

Shughuli zenye kununua kitu ziingie kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka na kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Sifa za kitu zieleze kazi kinayotakiwa kufanya, si jina la kampuni. Dai gharama ya maisha yote ya chombo: bei, nishati, vipuri, matengenezo kwa miaka 5. Ukilinganisha bei ya kununulia peke yake, chombo safi kitashindwa kila mara.

Kwa madiwani peleka ukurasa mmoja tu: lita, shilingi, na mitaa gani itapata njia ya miguu. Kila Mheshimiwa atatafuta mtaa wake kwenye orodha hiyo, na ni haki yake.

## Hatua ya 9: Linda mkakati usihamishwe pamoja na Mkurugenzi

Tengeneza bangokitita, yaani jedwali la ufuatiliaji, la ukurasa mmoja linalojazwa kila mwezi: lita kwa idara, kilomita kwa lita, safari za Dodoma kwa treni na kwa gari, mita zilizokufa, mita za njia ya miguu zilizokamilika. Usihesabu warsha wala idadi ya vipeperushi. Namba ya mwezi ikiwa mbaya, iache ilivyo na uandike sababu kwa mstari mmoja. Bangokitita lenye mwezi mbaya huaminika kuliko lile ambalo kila safu ni kijani.

Lita na kilomita ziingie kwenye malengo ya kazi ya mtu mwenye jina kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma: afisa usafirishaji, mkuu wa idara ya taka, wewe mwenyewe. Jukumu likiandikwa "idara zote" halina mwenyewe.

Mkurugenzi akihamishwa, na atahamishwa, hakikisha kwenye taarifa ya makabidhiano mna karatasi tatu: orodha ya walaji wakubwa wa mafuta, bangokitita la mwezi uliopita, na orodha ya barua zilizotumwa LATRA, TARURA na DART ambazo hazijajibiwa. Omba miadi na Mkurugenzi mpya ndani ya wiki yake ya kwanza, nenda na afisa usafirishaji na mhasibu wa mafuta, na uanze na barua ambazo hazijajibiwa.